Historia ya Marehemu Ouida Hatchell Strickling, Aliyehamia Ng'ambo ya Mto Ili Mdogo Wake Amwone

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Ferrin, na ninyi mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Maddox Grove, familia imempa mjukuu wa marehemu, Raelynn, kazi ya kuwasomea historia hii, nayo inawaomba mvumilie urefu wake, kwa sababu marehemu mwenyewe aliisikiliza sehemu kubwa akiwa kitandani, na kila palipofupishwa aliagiza parudishwe.

Marehemu Ouida Mae Hatchell alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 huko Sugg's Bend, upande wa magharibi wa Mto Cade, katika Kaunti ya Tarrow, jimbo la Arkansas, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Lonnie Hatchell, mpasuaji mbao, na mama Nettie, na tarehe 20 Juni 1947 akazaliwa mdogo wake wa pekee, Corrie, ambaye marehemu alimbeba kiunoni tangu alipoweza kukaa, akila naye sahani moja ya maharage, hadi mama yao akawa anasema mtoto huyu atasahau kwamba ana miguu.

Mama Nettie alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 11 Januari 1951, na mzee Lonnie akaangukiwa na magogo kazini akafa tarehe 2 Oktoba 1952, na mwezi uliofuata watoto wale wawili wakapelekwa mbele ya jaji. Katika siku hiyo marehemu alikumbuka mambo matatu, na hakuwahi kuongeza la nne: ngazi za mawe zilizoliwa katikati kwa nyayo za watu, saa kubwa ya mnarani iliyogonga wakiwa bado nje, na kwamba Corrie alikuwa amevaa viatu vya marehemu, maana vya kwake vilikuwa vimembana, hivyo marehemu alisimama mbele ya jaji na soksi. Walikuwepo bwana na bibi waliovaa nguo za Jumapili, wakatia sahihi, wakamshika Corrie mikono yote miwili, wakaondoka naye akiangalia nyuma. Marehemu alichukuliwa na shangazi yake, Beulah, ambaye alipopewa kalamu aliikataa, akasema, "Mtoto wa kaka yangu simsainii, kwani huyu ni ng'ombe?" Akavuka naye mto siku hiyo hiyo hadi Maddox Grove.

Elimu yake aliianza mwaka 1950 katika shule ya Sugg's Bend, akaiendeleza Maddox Grove hadi darasa la tisa, ambapo mwaka 1959 aliacha masomo ili kumuuguza shangazi Beulah, na walimu wake walisikitika, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa anasahau jina la mtu. Mwaka 1961 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati cha Maddox Grove, akashona kola hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1996, kisha akafanya kazi katika jiko la shule hadi alipostaafu mwaka 2009, na wengi mliomo humu mmekula mkate wake wa mahindi mkiwa wadogo na mkasahau kushukuru.

Tarehe 14 Juni 1964 alifunga ndoa na Dalton Strickling, dereva wa lori la pamba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Wendell, Patsy ambaye ni mama yake Raelynn, na Gary aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1990. Marehemu Dalton alipenda kusimulia kwamba siku walipokwenda mahakama ya Maddox Grove kuchukua kibali cha ndoa, saa ya mnarani iligonga, na bibi harusi wake akamwacha kwenye kaunta na kalamu mkononi, akaenda dirisha la pili kuuliza habari za mtu mwingine, naye akamwambia karani, "Andika tu, huyu anarudi, na asiporudi nitakuoa wewe."

Mtu huyo mwingine alikuwa Corrie. Tangu siku ile marehemu hakukaa mwaka mzima bila kurudi kwenye dirisha lile. Aliambiwa kwamba mafaili ya watoto walioasiliwa hufungwa kwa amri ya jaji na hayafunguliwi kwa maombi ya kaunta, lakini yale ya ulezi huwa wazi kwa yeyote, akaomba ya ulezi, akapewa kitabu cha majina, akapitisha kidole chini ya herufi H, mwaka 1952, mwaka 1953, na hata 1954 kwa tahadhari, na Corrie hayumo. Makarani walibadilika, wengine walizaliwa na kustaafu katika muda huo, na wote walimjibu kwa adabu na kwa ukweli kwamba jina hilo halipo hapo, naye alikuwa akishukuru, anakwenda kukaa kwenye ngazi, anakula biskuti moja na kubakiza ya pili mfukoni, kisha anarudi nyumbani kupika.

Wote mliomo humu mnajua kwamba kaunti hii ina mahakama mbili, kwa sababu zamani Mto Cade ulikuwa unafurika watu wasivuke kwa wiki kadhaa, hivyo kila upande ukapewa jengo lake, karani wake na vitabu vyake, na kesi ya mtu wa magharibi haiandikwi mashariki hata siku moja. Lakini mnajua pia jinsi watu wa Maddox Grove tunavyosema, kwamba ng'ambo kuna kambare na mbu tu, na kwetu ukisema mahakamani ni jengo moja, lile lenye saa. Shangazi Beulah alipoulizwa alikuwa anajibu, "Tulikuchukua mahakamani," naye hakudanganya, na marehemu, ambaye hakukumbuka kama mto walivuka kabla au baada, alikuwa ameisikia saa kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza ni mahakamani wapi.

Mwezi Machi 2020 figo za marehemu zilishindwa kufanya kazi, na kituo cha kusafishia damu kilichokuwa karibu kilikuwa hapa Ferrin, upande huu wa magharibi, hivyo Raelynn, aliyekuwa darasa la kumi, aliacha shule ili kumwendesha, na marehemu alilipinga jambo hilo mpaka mwisho, akisema kwamba katika familia hii kila mgonjwa anakula shule ya msichana mmoja. Tarehe 12 Agosti 2021 mashine za kituo zilichelewa, jua lilikuwa kali, na wagonjwa wakashauriwa wakae kwenye ubaridi wa jengo la mbele, ng'ambo ya barabara. Marehemu alipanda ngazi mbili akasimama. Raelynn akamwambia, "Bibi, tuingie, utaanguka na joto hili." Akajibu, "Ngazi ni hizi." Raelynn akasema ngazi zote za mawe zinafanana, na huku hakuna hata saa. Marehemu akavua kiatu kimoja, akaweka mguu wenye soksi juu ya jiwe lililoliwa, akasema tena kwa sauti ndogo, "Nimekwambia ngazi ni hizi."

Ndani, ukutani, palikuwa na picha ya zamani ya jengo hilo likiwa na mnara na saa. Karani wa mahakama, Bi. Darla Wynn, ambaye yupo nasi hapa leo, aliwaeleza kwamba radi iliupiga mnara mwaka 1961, na hela ya kuujenga upya ikaenda Maddox Grove kama kawaida. Marehemu hakucheka. Akaomba kitabu cha ulezi, akamtafuta Corrie, na Corrie hayumo, na waliokuwa karibu wanasema alishika ukingo wa kaunta kama mtu aliye kwenye boti. Ndipo Bi. Darla akamuuliza, "Mama, baba yenu alifariki lini?" Alipotajiwa mwaka akasema, "Basi usitafute jina la mtoto. Mtoto wa miaka mitano hana kesi yake, kesi ni ya aliyekufa. Tafuta baba." Wakafungua kitabu cha mirathi, na pale chini ya herufi H alikuwepo Lonnie Hatchell na namba ya shauri lake, akiwa ametulia kwenye mstari wake miaka hiyo yote.

Faili lilikuwa limeshapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, lakini picha zilikuwa na ukungu, hivyo Bi. Darla akasema, "Ya zamani tumeyafungia kwenye jela ya zamani huko nyuma, subirini nikamtoe kwa dhamana," akaja nalo mikononi. Humo imeandikwa kwamba Corrie alikabidhiwa kwa Ferris na Alma Teague, waliohamia Texas majira ya kuchipua yaliyofuata, na kwamba mtoto mkubwa yupo kwa jamaa, bila kutajwa jina wala mahali, kwa kuwa shangazi Beulah hakusaini. Na ndani ya jalada ilibaki kadi ya zamani, ambamo kila aliyesoma faili aliandika jina lake na tarehe, na juu yake palikuwa na mwandiko mmoja mara tatu, mwaka 1968, mwaka 1985 na mwaka 2016, na jina lilikuwa Corrie Hatchell.

Marehemu aliweka kidole chini ya jina hilo, hakukiondoa mpaka alipoitwa kwenye matibabu. Bi. Darla alimkumbuka yule wa 2016, mama mwenye kofia ya kijani aliyekuja peke yake, aliyeuliza kama kuna faili la mtoto mkubwa, na alipojibiwa kwamba katika jengo lile hakuna, alisema, "Haya, nitarudi tena, labda mara nyingine litakuwepo." Hakuacha anwani. Inaonekana ndugu hawa wawili walikuwa wakiulizana miaka hiyo yote kwa makarani wa pande mbili za mto mmoja, na kila karani alisema kweli.

Familia ilimtafuta Texas kwa njia ile ile, Raelynn akiwapigia simu makarani wa kaunti moja baada ya nyingine, akitaja jina, mwaka na aina ya shauri, wakapata kiwanja cha akina Teague kilichouzwa mwaka 1960, na baada ya hapo njia ikapotea, kwa sababu Corrie huenda aliolewa, na hatujui anaitwa nani sasa, maana kwenye kadi aliandika jina la kuzaliwa. Marehemu alimuuliza Bi. Darla kama anaweza kuacha barua ndani ya faili la baba yake, akajibiwa, "Hapana Mama, faili la mahakama si sanduku la posta. Namba yako ya simu nitaibandika hapa kwenye meza yangu, lakini mimi nastaafu mwaka 2023." Marehemu akauliza ni kitu gani huingiza jina la mtu katika chumba kile likae daima. Bi. Darla akasema, "Uwe na kesi, au ufe." Akauliza, "Nikifa?" "Ukifa unaishi upande huu, mirathi yako inakuja kwangu. Ukifa unaishi Maddox Grove inakwenda kwao." Marehemu akasema, "Basi nitafia huku."

Ndiyo maana mwezi Januari 2022, akiwa mgonjwa, alihama nyumba aliyojenga na mumewe, akapanga hapa Ferrin, Mtaa wa Gin. Mwanawe Wendell alimsihi sana, akamwambia, "Mama, Ijumaa timu yetu inacheza na hawa, unataka tuchekwe?" Akajibu, "Mtachekwa, hamtakufa." Alibadilisha kituo cha kupigia kura, akabadilisha leseni, akahamisha ushirika wake kuja kanisa hili, ili jaji asije akatia shaka, na majirani walimwona kila alipotoka kusafishwa damu akivuka barabara na kukaa kwenye benchi la ukumbi wa mahakama, akimtazama kila mama mzee aliyeingia. Wengine aliwasalimia. Mmoja aliyekuwa na kofia ya kijani alimfuata hadi kaunta, naye alikuwa amekuja kulipia kodi ya mbwa.

Tarehe 21 Septemba 2023 hali yake ilibadilika, akapelekwa hospitali Little Rock, na madaktari walipotaka abaki alikataa, akaambiwa kwamba sheria inatazama makazi, si kitanda alichofia mtu, naye akasema, "Sheria naijua, ila huyo jaji simjui." Akarudishwa Mtaa wa Gin, akafariki huko tarehe 4 Oktoba 2023 saa tatu asubuhi, dirisha likiwa wazi upande wa mahakama, kama alivyoomba.

Wosia wake utapelekwa mahakamani Jumatatu. Ni mfupi, na aliagiza jina liandikwe lote, Ouida Mae Hatchell Strickling, pasiachwe hata moja, na kifungu cha kwanza, kabla ya watoto wake, kinasema kwamba viatu alivyovaa Corrie siku ile ni vya Corrie, alipewa, hakuazimwa. Kwa hiyo familia inawaomba, yeyote atakayekutana na mama aliyezaliwa mwaka 1947, anayeulizia watu wa Sugg's Bend, amwambie arudi Ferrin kama alivyoahidi, apande ngazi, aingie mlango wa kushoto, aombe mirathi ya mwaka 2023, ataje jina la Hatchell, na safari hii hataambiwa hakuna, na ndani yake, penye orodha ya warithi, atakuta namba zetu za simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Little Rock na wa kituo cha Ferrin, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha mashati na wa jiko la shule, majirani wa Mtaa wa Gin walioleta kambare wa kukaanga bila kuuliza anatoka upande gani, na Bi. Darla Wynn, ambaye mwezi Juni alipaswa kustaafu akaomba aongezewe mwaka. Na hatuwezi kuwataja wote.

Bibi, pumzika kwa amani upande huu wa mto, benchi la ukumbini tutalikalia sisi.