Dozi ya Pili

Basi la wafanyakazi wa hospitali lilikuwa halijafika hata mtaa wa Abu Hamour, huku ughaibuni, na manesi wawili Wakenya kwenye kiti cha mbele yangu walikuwa washawaka. Mimi, mlinzi wa getini, nilijifanya nimelala nisije nikaombwa maoni.

"Madaktari wamesaini kwamba hiyo mimba itamuua," alisema Chelsea, "na wewe ukaweka dawa chini ukatoka!"

"Mimi sitoi mimba. Niliwaambia siku ya kwanza, iko kwa faili yangu," akajibu Peninah.

"Iko kwa faili, haiko kwa uso! Yule mama alidhani umeenda kumletea maji ya kumezea. Amengoja nusu saa akiangalia mlango."

"Nilikuwa nakutafuta wewe! Nimepanda ngazi orofa nne nikikimbia, Chelsea, mpaka nikakupata kantini."

"Yaani mikono yako ibaki safi, halafu miguu ikimbie kuniita mimi nifanye?"

Basi zima lilikuwa linasikiliza. Hata dereva alikuwa amezima redio, na Kiswahili hajui.

"Sikutaka afe!" Peninah akapaza sauti.

"Basi sikia. Ya kwanza nimempa mimi, dozi ya pili ni kesho asubuhi. Kesho mimi siko zamu, wewe uko, na wengine wote wodini wameandika kwa faili zao kama wewe."

Basi likasimama mtaa wa Najma, mlango ukafunguka. Hapo ndipo ninaposhuka mimi, na wao pia. Hakuna aliyeinuka.