Herufi ya Apiyo Iliyotoka Nje ya Ubao

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya birika la Njambi, muuza kahawa, hapa Eldoret, barabara ya kwenda Turbo. Asubuhi hiyo Mzee Ondiek, tunayemwita Rangi kwa sababu alichora mabango ya maduka miaka thelathini, alikuja na mjukuu wake Tryphosa, anayeandika programu za simu. Alikuwa amemtengenezea babu albamu ya mabango yake ya zamani kwenye simu, akiyapanga upya herufi kwa herufi. La kwanza lilikuwa la hoteli ya marehemu mkewe, iliyofungwa zamani: APIYO HOTELI. Rangi akaliangalia, akarudisha simu.

— Si hii. A yangu ilikuwa nusu nje ya ubao. Nilikosea kipimo, nikataka kufuta. Apiyo akacheka, akasema, “Wacha hivyo. Ni kama mtu anaingia mlangoni.”

— Lakini babu, niliandika hivyo! Mahali pa A niliweka kutoa ishirini. Yaani ianze kabla ya ukingo.

Daktari, fundi wetu wa redio, akaweka kikombe chini.

— Simu imeogopa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hii imelelewa mfukoni, nje itajulia wapi?

— Ni baridi, Njambi akasema. Hata mimi ningerudi ndani.

— Basi ni satelaiti! Daktari akasema. Ikiona herufi inaning'inia, inaisukuma isiangukie ndege.

Tukacheka. Rangi hakucheka. Tryphosa akafungua kompyuta magotini, akapitia programu mstari kwa mstari mpaka kahawa yake ikapoa.

— Nimeona. Programu yangu inajua tarakimu tu. Ikikuta kile kistari cha kutoa, inadhani si namba, inaweka sifuri. Sikuifundisha kwamba kitu kinaweza kuanza kabla ya sifuri.

Akaongeza mistari miwili, akampa babu simu. A ilikuwa imekatwa katikati na ukingo. Rangi akaipitishia kidole gumba.

— Ndiyo hii, akasema polepole. Apiyo alikuwa anawasha jiko alfajiri. Akisikia breki za lori tu, anajua ni nani, anamwekea chai.

Njambi alisahau kumimina. Dereva mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama kungoja kahawa, akachungulia begani kwa mzee.

— Mzee, hiyo hoteli iko wapi? Niko na njaa.

Daktari akainama kufunga kamba ya kiatu. Tryphosa akamtazama babu yake. Rangi akasogea kidogo, akamwachia dereva nafasi kwenye benchi.