Jemimah Nyanchoka Masese, na Yale Yasiyotamkwa Mbele ya Mkwe

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu kutoka Nyamira, ndugu zetu kutoka Ogembo, majirani na marafiki, familia ya Mzee Nehemiah Masese inawashukuru kwa kufika, nayo imenipa mimi, mdogo wake, Mwalimu Osoro, kazi ya kuwasomea historia ya marehemu. Mtaona ina maneno ambayo hapa kwetu baba hayatamki mbele ya binti, wala mama mbele ya mkwe wake, lakini marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe, na jana wazee wachache walipoomba yapunguzwe, Mzee Nehemiah alikataa katakata, kwa kuwa kuna mtu aliyeketi hapa ambaye uhai wake unayahitaji. Mwenye haya na ainamishe kichwa, masikio ayaache wazi.

Jemimah Nyanchoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika kijiji kilicho juu ya soko la Ogembo, akiwa mtoto wa nne wa hayati Mzee Abner Nyangate na hayati Mama Mong'ina, wakulima wa majani chai na ndizi. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na ndugu zake walio hapa wanasema kwamba nyumba ikiwa kimya walijua ama amelala ama ametumwa sokoni.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1968, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1974, akapita vizuri, na Januari 1975 akajiunga na sekondari ya bweni, na huko ndiko hedhi ilikomwanzia. Kila mwezi, siku kadhaa kabla ya damu, msichana yule mcheshi alizimika, akakataa chakula, akalia bila kupigwa, kisha siku zake zikifika anafunguka tena na kucheka na wenzake. Walimu walisema ni uvivu, mlezi wa bweni akasema ni madeko, na mama yake, aliyeona kila kitu wakati wa likizo, hakuuliza, kwa sababu sheria ya haya tunayoiita chinsoni haimruhusu mzazi kuzungumza na mtoto habari za mwili, hiyo ni kazi ya nyanya, na nyanya zake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Aliacha masomo katika kidato cha pili, mwishoni mwa 1976, na watu wakakata shauri kwamba amechoka na vitabu.

Tarehe 9 Agosti 1981 alifunga ndoa kanisani na Nehemiah, mchongaji mawe wa hapa Tabaka, wakagawana kazi, bwana akachonga na bibi akasugua, beseni la maji mbele yake, msasa mkononi, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, kisha nta na kitambaa, na kiboko wa jiwe aliyepita mikononi mwake alitoka laini kama shavu la mtoto mchanga. Kanisani aliimba sauti ya pili katika kwaya, na tuseme ukweli, wakati mwingine aliimba na ya kwanza pia.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, Mogaka, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1983, na Phanice, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1989. Watu wameuliza miaka mingi mbona wawili tu, na wengine wakamtupia Nehemiah maneno ya kejeli sokoni, basi jibu ni hili. Baada ya kumzaa Phanice, Jemimah hakulala, hakutaka kumshika mtoto, alisikia kilio hata mtoto akiwa amenyamaza, na mama mkwe wake, kwa nia njema, akamchukua mtoto na kumwachia maombi. Ilisemwa amerogwa, ikasemwa ana kiburi, na ingawa alipona polepole kabla ya mvua za mwaka uliofuata, aliapa hatazaa tena, wala hakumwambia mtu sababu.

Kati ya mwaka wa 2011 na 2013, hedhi ilipokuwa ikikoma, mambo yalimwendea mrama kwa mara ya tatu. Alichomwa na joto lisiloonekana na mtu mwingine, akapoteza usingizi, akawa anatoka alfajiri kukaa katikati ya majani chai apate ubaridi, na siku moja akavunja viboko waliokuwa tayari kwa mnunuzi, mmoja baada ya mwingine. Jamani, tunajua sote mwanamke anayeonekana shambani kabla ya mapambazuko huitwaje hapa kwetu, nasi tulimwita hivyo, mchawi, wengine mdomoni na wengine moyoni, kwaya ikamsimamisha, na jamaa wakamshauri Nehemiah amrudishe Ogembo. Nehemiah hakumrudisha, alimpeleka hospitali Kisii, ambako muuguzi mmoja alimweleza habari za homoni, jinsi zinavyopanda na kushuka katika maisha ya mwanamke, na jinsi wengine wanavyotikiswa kila zinapobadilika, anapovunja ungo, anapojifungua na hedhi inapokoma. Alipewa dawa na mtu wa kuzungumza naye, akapata nafuu, na Nehemiah anasema mkewe alilia njia nzima ya kurudi, kwa hasira, kwamba ameugua tangu utotoni ugonjwa wenye jina na hakuna aliyemtajia.

Tarehe 2 Juni 2019, Phanice, ambaye ni mwalimu na ameolewa na Brandon Nyamongo mjini Nyamira, alijifungua mtoto wa kike, Natasha. Brandon alipiga simu kila jioni, lakini mkwe hawezi kumweleza mama mkwe habari za matiti na damu, kwa hiyo alimwambia baba mkwe kwamba mama mtoto hajambo, amechoka tu, na baba mkwe akapokea hivyo na kumshukuru Mungu. Jemimah alisikia hilo neno, amechoka tu, akaacha msasa ndani ya maji na kwenda Nyamira. Kwa desturi angesalimia kwa mbali na kungojea nje, lakini alipita sebuleni, akaingia chumba cha kulala cha mkwe wake, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika ukoo huu, akamkuta Phanice akitazama ukuta, na alipomuuliza, Phanice akajibu kwamba anaona heri yeye na mtoto wasiwepo. Jemimah alitoka akamweleza Brandon yote, akitaja kila kitu kwa jina lake, kijana akajifunika uso kwa kofia, mama mkwe akamwamuru aishushe asikie vizuri, na mchana huohuo wakampeleka Phanice Kisii, akalazwa, akatibiwa, akarudi kumnyonyesha mwanawe.

Wazee waliitisha kikao ili aombe radhi kwa kukiuka chinsoni. Alihudhuria, akanywa chai, akasema kama mlango wa chumba umechafuka basi upakwe rangi, lakini binti yake yu hai, na akaaga.

Marehemu aliugua shinikizo la damu kwa miaka minane, akapata kiharusi tarehe 5 Januari 2025, na akafariki hospitalini tarehe 9 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mume wake akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii, majirani walioleta kuni na maji, wachongaji na wasuguaji wa Tabaka waliofunga kazi wiki nzima, kwaya iliyomrudisha na kumwomba msamaha, na Brandon, ambaye leo ameketi mbele pamoja na watoto wa kuzaa wa marehemu, uso wazi.

Mwisho, Mzee Nehemiah anatangaza jambo ambalo hakuna baba wa Kisii aliyewahi kulitangaza juu ya binti yake, tena makaburini, na Phanice amemruhusu. Phanice ni mjamzito, atajifungua mwezi wa Mei, na aliyejua kumtazama ndiye huyu tunayemzika. Hivyo, ninyi nyote mliosikia, wakwe, wazee na watoto, mkimwona Phanice halali, hali, au anatazama ukuta, msituambie amechoka, ingieni hadi chumbani, mumpeleke hospitali.

Pumzika, Nyanchoka, tutamtazama sisi.