Mwalimu Wangu na Vitabu vya Mjomba Jeneza

Mary Ann Wangu Wanjala alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 shambani kwa wazazi wake, nje ya mji wa Kitale, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kiarie na Mama Nyaruai. Kamati ya mazishi iliomba iandikwe kwamba alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi mkali, na baadhi ya walioketi mbele ya hema hili waliuonja kwa sababu nzuri.

Alihitimu ualimu mwaka 1983, akafundisha Kitale, kisha Bungoma, ambako alikutana na Bwana Wanjala, karani wa kilimo. Walifunga ndoa kanisani Agosti 1988, wakajenga hapa Ndalu na kujaliwa mabinti wawili: Phelista, anayewasomea wasifu huu, na Agneta. Hawakupata mtoto wa kiume, jambo ambalo ndugu ya Bwana Wanjala, Hesbon Walubengo, alilikumbusha kila alipopewa chai.

Mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure, shule zilijaa pomoni. Agneta aliketi sakafuni muhula mzima na hakutoka na herufi hata moja. Mwalimu akaacha kazi, akawafundisha binti zake sebuleni. Watu walimcheka, na walimcheka zaidi walipoona vitabu alivyonunua kwenye mitumba ya soko la Kitale. Ulikuwa mfululizo wa hadithi za Mjomba Jeneza, seremala aliyewapima jamaa zake wakiwa hai na kuwasihi wafanye haraka kabla mbao hazijapinda. Kila kitabu kiliisha kwa mazishi. Watoto walicheka mpaka mbavu zikauma, na kwa vitabu hivyo Agneta alijua kusoma na kupima, na wote wawili wakajua kuandika insha, kwa maana kila marehemu wa kitabuni ilibidi aandikiwe wasifu. Phelista alipoandika kwamba marehemu fulani alipendwa na wote, mama yake alipitisha kalamu nyekundu. "Nani alimpenda? Si ulisoma kitabu? Andika yenye ulisoma."

Desemba 2004 Walubengo alikuja kuwatembelea, akashiba kuku, akasinzia kwenye kochi. Agneta, mtoto wa miaka saba, akachukua tepu ya cherehani na kumpima toka utosini hadi kisiginoni. Walubengo alifumbua macho wakati mtoto anamwambia, "Ankol, kunja miguu kidogo, mbao haitoshi."

"Ananipimia nini huyu?" akauliza. "Ati mimi nimekufa?"

Huku kwetu aliye hai hapimwi hivyo, na Bwana Wanjala alitoa kondoo ili kuondoa mkosi. Mwalimu naye aliomba radhi, kisha akamnyima Agneta alama kwa kusahau kupima upana.

Mei 2006 Bwana Wanjala alifariki kwa homa ya mapafu. Walubengo akawaambia waombolezaji, "Hii vitabu ndio imemaliza ndugu yangu. Si mlisikia venye nilipimwa?" Akavitupa vyote kwenye moto wa matanga. Wiki hiyohiyo alikuja na kamba kulipima shamba la ndugu yake, akianzia pale kaburini, udongo ukiwa bado mbichi. Alimwambia Mwalimu arudi kwao. Hakuna mzee aliyefungua mdomo, na wazee haohao leo wamekuja kula.

Mwalimu alipanga chumba Matisi, akaendelea kumfundisha Agneta. Vitabu vilikuwa majivu, lakini hadithi alizijua zote kwa kichwa. Mwaka 2008 alishikwa na saratani ya matiti, na tarehe 4 Juni 2009 alituacha katika hospitali moja ya Kitale. Tuliumia, na bado tunaumia. Aliyemfukuza akiwa hai ndiye aliyekuja mbio kudai mwili, kwa kuwa mke huzikwa kwa mumewe. Mwalimu alilijua hilo. "Wanizike kando ya baba yenu, hiyo ni haki yangu," alimwambia Phelista akiwa kitandani. "Lakini Agneta asilale huko hata siku moja. Na wasifu ukisomwa, hakuna mtu hukatiza."

Jana Walubengo aliiambia kamati kwamba Agneta atabaki kwake awe akipika, na asahau mambo ya vitabu. Amepanga kulitangaza atakapopewa kipaza sauti baada ya wasifu huu. Kwa hiyo linasemwa sasa, mbele ya chifu na mchungaji: marehemu alikataa.

Ameacha Phelista, mwalimu wa chekechea Matisi. Ameacha Agneta, ambaye nguo zake zimeshapakiwa. Ameacha ndugu zake Ngige na Wahome, ambao gari lao liko langoni likimngoja Agneta. Ameacha pia shemeji yake, Hesbon Walubengo, futi tano na inchi saba, upana haukupimwa.

Mwalimu na alale kwa amani kando ya mumewe. Hapo hakuna tena wa kumwambia arudi kwao.