Macho ya Abundio

Ukungu wa San Gaspar hauna adabu. Hupanda kutoka bondeni watu hawajaamka, ukameza mnara wa kanisa, ukameza kituo cha zimamoto, kisha ukaja kukaa benchini kama mtu aliyealikwa. Benchi lenyewe lipo pembeni mwa barabara, mkabala na hicho kituo, na nyuma yake ndipo Hermelinda huteleka birika lake la kahawa. Asubuhi ile ya Ijumaa ukungu ulikuwa mzito hata mtu akinyoosha mkono kupokea kikombe, mkono unatangulia kupotea. Walikuwapo wanne. Askofu, ambaye hajapata kuwa askofu. Alipiga kengele ya kanisa miaka thelathini, sikio moja likastaafu kabla yake. Redio, mshona viatu, asiyezimika. Kesho, polisi, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake ukimpelekea shida. Na Eliseo, zimamoto wa kujitolea, ambaye wote humwita Shuka, kwa sababu mwaka wa kumi na tisa huu yeye ndiye anayewafunika waliofia njiani na kukaa nao mpaka hakimu afike.

Huyo Shuka alikuwa hanywi. Alikuwa amepakata kofia yake ya kazi na kuisugua kwa mkono wa shati, mahali palipokwisha kung'aa tangu juzi.

Habari ilikuwa ya Jumanne. Mzee Abundio alikutwa amekufa kitako, kituo cha basi, amevaa shati lake la sikukuu. Sheria ya pale hata mbwa wanaijua: zimamoto atapapasa mshipa wa shingo, akiukuta umenyamaza atafunika shuka jeupe, atazungusha utepe wa njano, na toka hapo marehemu haguswi mpaka hakimu amtazame kwa macho yake. Saa mbili asubuhi Kesho aliandika kitabuni: macho wazi. Hakimu alikuja saa nane mchana, amekwisha kula. Akafunua shuka, akakuta macho yamefumbwa. Akasema aliyemgusa marehemu avuliwe kofia ya kazi, na Ijumaa saa sita aletewe jina.

Ijumaa ndiyo hii, na karatasi ilikuwa mfukoni mwa Kesho.

— Nina nafasi moja tupu hapa, alisema Kesho. Nipeni cha kuandika.

— Andika yalijifumba, Redio akasema. Mtu ukimfunika shuka anadhani usiku umeingia. Atakesha kwa ajili ya nani?

— Wewe ulikufa lini ukayajua hayo? Kesho akauliza.

— Nimefunikwa mara nyingi na mke wangu, bwana. Ni hivyohivyo.

Askofu aligeuza sikio lake zima. Akasema haba na haba hujaza kibaba, na kope nazo ni vivyo hivyo: zilianza kushuka saa mbili, unywele mmoja mmoja, zikafika chini saa nane. Tena mwenda pole hajikwai, na katika wenda pole wote hakuna ampitaye maiti.

Hermelinda akamwambia methali zake zimevaa viatu vya watu wengine. Askofu hakusikia, au sikio bovu lilimsaidia. Akaendelea, sauti imemshuka, kwamba ukungu wa mji huu una vidole. Alipofiwa na mkewe aliuona ukiingia dirishani, ukamfunga marehemu vifungo vya blauzi, kimoja baada ya kimoja, ukatoka. Yeye alikuwa kitini, macho makavu, hakulala.

Ukungu ukapita kati yao, ukagusa birika, ukaenda zake.

— Mimi nadhani Abundio alikwenda, Redio akasema taratibu. Alichoka kungoja, akainuka ndani ya mwili wake, akateremka barabara kulipokea basi bondeni. Sasa, mtu akitoka nyumbani si anafunga mlango?

— Niandike mlango? Kesho akauliza.

Hakuna aliyemtazama Shuka. Na watu watatu wakishindana kutomtazama mmoja, huyo mmoja huonekana kuliko mnara.

Shuka aliwasikia kama mtu aliye chini ya maji. Vidole vyake viwili vya kulia vilikuwa vingali vinakumbuka. Saa sita ile ya Jumanne lori la mchanga lilipita, upepo wake ukainua shuka, vumbi likaanguka ndani ya macho ya mzee, na mzee asipepese. Katika miaka kumi na tisa Shuka ameona mengi na kula chakula chake baadaye. Vumbi lile lilimshinda. Aliinama, akayafumba. Kope zilikuwa baridi kama ganda la parachichi la alfajiri. Kisha akabana pembe za shuka kwa mawe manne, akakaa tena, akamsimulia marehemu habari za mvua ili asijione mpweke. Hakuwa na mke. Bila kofia ile angekuwa mzee mmoja tu katika mji wenye wazee wengi, na yeye alilijua hilo.

Saa tano ukungu ulimtoa mwanamke mmoja, kama mtu anavyotoa kitu mfukoni. Alikuwa Otilia, binti wa Abundio anayeishi mji mkuu, aliyemzika baba yake jana. Mkononi alishika kofia ya mzee ya majani. Hermelinda alimmiminia kikombe, na birika likakohoa; kilikuwa cha mwisho.

— Pole, binti, wakasema wote.

— Ahsanteni. Nangoja basi. Akatazama kofia. Nilimwambia baba nitakuja Jumanne. Nikaja Jumatano. Nilikuwa na shughuli.

Hawakumwuliza shughuli gani. Hata Redio ana siku zake.

— Nina swali dogo, akasema. Alipokufa, alikuwa anatazama wapi?

Kwa nadharia zao zote, za kope na vidole na milango, hakuna iliyogusa swali hili. Askofu alichungulia machicha ndani ya kikombe chake. Kesho aliandika macho wazi akiwa nje ya utepe, hatua kumi, anatafuna mkate. Hakuona zaidi ya hapo. Mahali macho yanapotazama anapajua aliyeinama usoni.

Ukungu ulianza kupasuka. Barabara ya bondeni ikatokea, kipande kwanza, halafu yote.

— Huku, Shuka akasema.

Akanyoosha mkono wa kulia kuelekea kona ambako mabasi hutokea.

— Alikuwa ameinua kidevu kidogo, kama mtu aliyesikia honi. Hakuwa amekasirika, binti. Na vumbi halikukaa machoni, nililiwahi.

Otilia hakulia. Alimtazama vidole, akaitikia kwa kichwa mara moja kama mtu aliyekabidhiwa kitu.

— Umesema nini, Eliseo? Kesho akauliza polepole. Alikuwa hajamwita jina hilo miaka mingi. Mimi sikukusikia vizuri. Saa sita bado.

Alikuwa anamwachia mlango wazi, na kila mtu benchini aliuona. Shuka naye aliuona. Lakini mwanamke alikuwa bado amesimama pale, na neno likirudishwa huwa si neno tena.

— Umesikia, bwana. Andika.

Akaweka kofia ya kazi juu ya magoti ya Kesho, ikakaa hapo iking'aa. Kisha akajisogeza pembeni, akampisha Otilia. Binti akakaa, akapakata kofia ya majani, akaelekeza uso barabarani. Kidevu chake, Hermelinda aliona, kilikuwa kimeinuka kidogo.