Radhi za Mama Dawa

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu. Anayetaka vipuri vya gari anaweza kusubiri, mimi siwezi. Nisikilizeni bila kunikatiza, maana pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kusema, haitoshi kubishana, na anayetaka kulia aende akalie jikoni. Nimewaita watatu, lakini wawili kati yenu mko hapa kama mashahidi tu. Maneno yangu ni ya huyu wa kati, huyu aliyesimama na koti jeupe, ambaye hata siku mama yake anakufa amepanda ngazi kutoka dukani na kalamu mfukoni.

Barua ninaijua. Usinitolee macho. Uliificha ndani ya kasha tupu la dawa ya kikohozi, rafu ya juu kabisa, ukajisemea mama miguu imevimba, hafiki tena huko. Kweli sifiki. Mdogo wako anafika, na huyu kitinda mimba tangu azaliwe hajaweza kuficha kitu zaidi ya nusu saa. Amenisomea yote, mpaka muhuri. Hospitali kubwa inakutaka kwenye famasi yao, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri, siku tano kwa wiki, likizo ya mwezi mzima kila mwaka, na mshahara mara tatu na nusu ya huo ninaokupa mimi. Wanakutaka kesho asubuhi ufike na vyeti vyako, la sivyo wanamwita mwingine.

Basi wosia wangu ni huu. Duka ni lako, lote, na jina lake na wateja wake na cheti cha ukutani, kwa sharti moja tu: uniahidi hapa, mbele ya ndugu zako, kwamba utasimama dirishani kama nilivyosimama mimi, saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, siku zote saba, mpaka na wewe wakubebe. Ukikataa, duka linauzwa kwa muuza simu wa jirani na mnagawana sawasawa. Na mkubwa usianze kutabasamu, nilikuona juzi umemleta huyo jirani na futi ya kupimia, ukanidanganya eti mnapima ukuta wa kupaka rangi. Lakini hilo la duka ni dogo. Kubwa ni kwamba ukikataa, radhi zangu hupati. Hawa wawili nitawapa, wewe utanizika mikono mitupu, na kila kitakachokwenda kombo katika maisha yako utalala ukijiuliza kama ni hilo.

Naam, nimesema hivyo, na akili zangu ni timamu.

Msidhani nilizaliwa na roho hii. Nilipokuwa na umri wa kitinda mimba nilikuwa mfamasia wa hospitali, chumba cha chini, dirisha dogo lenye nondo, na foleni ya wagonjwa kuanzia pale mpaka kwenye bomba la uani. Mshahara wangu ulikuwa unaisha tarehe kumi na mbili. Sikumbuki mwezi ulionistahi mshahara ukafika tarehe kumi na tano. Zamu ilikuwa ya urefu wa saa nane kwenye karatasi, ila aliyetakiwa kunipokea alikuwa shemeji wa mganga mkuu, kwa hiyo alikuja anapojisikia. Mwaka mmoja wakatuletea fomu: je, unaridhika na kazi yako, weka alama kuanzia moja mpaka tano. Nikaweka tano kila mahali, kwa sababu fomu haikuwa na sehemu ya jina lakini jengo zima lilijua kwamba kalamu ya kijani ni yangu. Mwezi uliofuata mkuu akatukusanya akatuambia kwamba kwa kuwa wafanyakazi wameridhika kiasi hicho, nyongeza ya mshahara haina haraka. Watu wakapiga makofi, mimi nikiwamo. Nikatoka pale nimeelewa kwamba kuridhika kwa mfanyakazi ni mali ya mwajiri, na nikafungua duka ili mali hiyo siku moja iwe yangu.

Ndipo ukaja wewe na cheti chako kipya. Unamkumbuka yule fundi seremala mwenye pumu? Miaka mitano alikuwa anajipulizia dawa kwenye ulimi badala ya kuivuta kifuani, na sisi tulikuwa tunamuuzia tu, mimi nikifurahi kwamba inaisha haraka. Ukamweka pembeni, ukamfundisha toa pumzi, bonyeza, vuta, zuia, tena na tena mpaka akaweza. Kesho yake akarudi kukuambia kwamba amebeba mbao mpaka ghorofa ya pili bila kusimama. Ulicheka siku nzima. Nikakutazama unavyocheka nikasema moyoni, huyu nimempata, huyu hahitaji kulipwa.

Nikakulipa nusu ya Bi Miwani, msaidizi wetu, kwa sababu Bi Miwani angeweza kuondoka na wewe usingeweza. Uliponiuliza, nikakujibu duka ni lako, mtu hajilipi mshahara, nawe ukaona haya ukaniomba msamaha. Nikakupa zamu za sikukuu. Nikakupa Jumapili. Yule mwalimu aliyekuwa akija kununua dawa za kichwa kisichomuuma nilimwona kabla yako, na kila alipoegemea dirishani nilikutuma stoo ukahesabu maboksi. Alisubiri mwezi mzima tufunge akusindikize, nawe ukawa unatoka umechoka hata kumsalimu huwezi. Sasa ana watoto wawili, na homa ikiwashika anakuja kwetu, nawe unamwandikia kwenye chupa, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Nilikuwa nikikutazama unavyoandika. Mwandiko mzuri sana.

Bado sijafika. Nipe maji kidogo. Hayo yanatosha.

Miaka tisa iliyopita uliomba kazi hospitali hii hii. Ulidhani sijui, lakini mwajiri wako pekee nilikuwa mimi, na ulipoandika jina la mtu wa kuulizwa habari zako ungemwandika nani mwingine? Walipiga simu ya dukani saa nne asubuhi. Niliipokea mwenyewe, na wewe ulikuwa umbali wa mikono miwili, unahesabu vidonge vya kisukari vya mzee mmoja mstaafu, mdomo unakwenda, tano, kumi, kumi na tano. Msimamizi wao akaniuliza, unamwonaje? Nikamwambia, huyu ni mwanangu wa kumzaa, kwa hiyo sitakudanganya: anachanganya vipimo vya dawa. Nikasema kwa upole, kwa sauti ya mama anayeumia. Akanishukuru. Mama akimtia dosari mwanawe mwenyewe, nani atauliza mara ya pili?

Wewe wakakuandikia kwamba wana wasiwasi na umakini wako. Nawe ukaamini. Tangu siku hiyo ukawa unahesabu kila kidonge mara tatu, unafunga duka halafu unalifungua tena kutazama lebo, unamkimbiza mgonjwa barabarani ukague bahasha aliyokwisha kuitia mfukoni. Ukakonda. Mimi nikawa na famasi isiyokosea kuliko zote mjini, na nilikuwa nikiwasikia wateja wakisifu, nikiitikia asante.

Halafu ukaanza kutafuta nani alikusema, ukamshuku Bi Miwani. Mwanamke aliyefanya kazi kwetu miaka kumi na minne, aliyekufundisha kufunga bahasha ukiwa bado na sare ya shule. Ulimwambia mbele ya wateja kwamba ni nyoka. Akanigeukia mimi, miwani imejaa ukungu, akasema, mama, mwambie mwanao. Nikasema, mimi simo, malizaneni. Akavua koti akalikunja vizuri akaliweka juu ya mizani, akaenda. Na mimi nikapata nafuu ya mshahara mmoja, maana kazi yake yote ukaichukua wewe, kwa kuona aibu, bila kuongezewa hata senti.

Mnanitazama hivyo kwa nini? Mlikuwa mkila wapi?

Mtauliza kwa nini nimesema sasa, wakati ningeweza kwenda nalo. Si kwa huruma. Kama mama sioni haya, nilikuwa nalinda duka lililowalea. Lakini mimi ni mfamasia, na mfamasia haachi chupa yenye lebo ya uongo. Kwa hiyo sikia, na hawa wawili washuhudie: katika miaka kumi na miwili hujawahi kuchanganya kipimo hata kimoja. Mimi nimechanganya viwili, na cha pili ulikirekebisha wewe, mgonjwa akiwa bado mlangoni, ukamwambia umesahau kumpa risiti ili nisiaibike. Mkono wako ni bora kuliko wangu. Nilijua hivyo tangu mwaka wa kwanza, na ndiyo maana nilipokea ile simu kabla haijalia mara mbili.

Safari hii hawakunipigia. Nimeisikiliza simu wiki nzima kutoka hapa kitandani, nikiwa na maneno yangu tayari, na haikulia. Sijui uliwaandikia jina la nani. Usiniambie.

Haya, nimemaliza, sasa niahidi.

Umesema nini? Mkubwa, acha kumnong'oneza, moyo ndio umechoka, masikio bado mazima. Anakuambia ukubali tu, mama afe kwa amani, kesho ufanye unachotaka. Sivyo? Huyo ndiye kaka yako, anauza vipuri vya kufoji hata kitandani kwa mama yake. Sema mwenyewe. Kwa sauti.

Huahidi.

Rudia... Huahidi. Na machozi hayapo. Kitinda mimba analia kwa niaba yako, na wewe umesimama kama unamjibu mteja kwamba dawa hiyo haipatikani bila cheti cha daktari. Ulijifunza kwangu hivyo. Usimpe mtu jibu la uongo kwa sababu anaumwa. Nilikufundisha mwenyewe, mpumbavu mimi.

Basi duka liuzwe. Andikeni, sitarudia. Kitinda mimba, vyumba hivi vya juu ni vyako, usimkaribishe mtu yeyote anayekuita malkia. Mkubwa, gari bovu ni lako, vipuri unavyo. Friji isizimwe mpaka dawa za sukari zihamishwe zote, hata kama mnanizika siku hiyo. Zilizopita muda ziteketezwe. Ziteketezwe, mkubwa, nakujua. Bi Miwani anaishi nyuma ya soko la nguo, mlango wa bluu; wa kati aende kwa miguu yake, amwambie ni mimi. Asimpe pesa. Akimpa pesa atamfukuza, na atakuwa na haki.

Mkubwa, na wewe mdogo, radhi zangu mnazo. Muwe na afya. Mpendane... kiasi mnachoweza, sitaki miujiza.

Na wewe. Ninyanyue. Mto mwingine... hapo. Tazama, mkono hata hautetemeki. Kumbe umenichukia vizuri, kwa utulivu. Afadhali. Kesho ukiwaambia mama amekufa, hao watakupa siku tatu. Mimi nisingekupa hata moja.

Hilo jua gani pale ukutani? Juu ya kabati. Miaka thelathini na minne nalala chumba hiki, sikujua... linafika pale. Saa ngapi sasa? Kumi na moja kasoro. Kumbe. Kwa hiyo ukishaanza huko, saa kama hizi, utakuwa umeshatoka kazini. Umevua koti. Na jua bado lipo.

Watu wanafanya nini? Nauliza swali, mtoto. Saa kumi mpaka giza liingie. Kila siku. Wanafanya nini?

Hujui.

Miaka thelathini na sita, hujui. Na mimi nina sabini na moja... nami sijui. Mkubwa, wewe unajua? Nyamaza, sikukuuliza wewe.

Nenda ukajue. Haya. Chukua radhi zako... zichukue upesi, kabla sijabadili mawazo, unanijua. Mungu akupe... jioni. Nyingi. Zichukue uondoke.

Hapana, si sasa hivi. Kaa kwanza. Ngoja hilo jua litoke pale juu ya kabati... halafu ndiyo uende.