Mama Chonjo na Ukingo wa Daraja la Sokoni

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usiwe mrefu, kwa sababu watu watakuwa wamesimama juani. La pili, habari ya daraja isirukwe, hata kama kuna watakaokereka. Mdogo wake wa mwisho, anayewasomea, alijaribu kumbembeleza juu ya hilo la pili akagonga mwamba. Mtavumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi bomba na mama mkunga. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alianza kutambaa kabla hajajua kukaa, na kukaa kwenyewe hakukujua mpaka uzee. Alipokuwa na miaka minane alitumwa dukani kununua chumvi. Njiani akakuta shimo la maji machafu limeibiwa mfuniko. Akasimama kando yake, akawa anawaonya wapita njia. Muda ulikwenda, chungu kikaanza kukauka jikoni, baba akamfuata na fimbo mkononi.

"Chumvi iko wapi?"

"Baba, nikiondoka hapa atatumbukia mtu."

"Shimo ni lako?"

"Si langu."

"Sasa linakuhusu nini?"

Mtoto hakusogea. Baba akaitupa fimbo, wakatafuta kipande cha bati na mawe, wakaliziba pamoja. Siku hiyo chumvi ilifika nyumbani chakula kimeshaliwa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na baadaye chuo cha ufundi alikohitimu uhandisi wa ujenzi mwaka 1979. Darasani walikuwa wasichana wawili tu. Mwalimu wa fizikia alimhamishia dawati la nyuma karibu na mlango, si kwa ubaya, bali kwa sababu alikuwa akiinuka kila mara kuchungulia nje, na mwalimu alichoka kupoteza mtiririko wa somo. Mwalimu huyo yupo hapa leo, na tunamshukuru kwa kuja.

Januari 1980 aliajiriwa na halmashauri, idara ya ujenzi. Kazi ilikuwa na mipaka yake, na tangu siku ya kwanza alikabidhiwa mipaka hiyo kabla hata hajapewa kiti. Barabara kubwa zilikuwa mali ya serikali kuu. Mitaa, mitaro na njia za waenda kwa miguu zilikuwa za halmashauri. Mto ulikuwa chini ya ofisi ya maji. Maji ya mvua yalipita kwa wote watatu bila kubisha hodi. Kila wingu lilipotanda marehemu alikuwa wa kwanza kutoka ofisini, anapita sokoni na viatu vyake vya mpira akipiga kelele, "Kaeni chonjo, mtaro huu haujazibuliwa!" Wachuuzi wakambatiza Mama Chonjo, na jina likamganda. Hata mkuu wake wa kazi alijisahau akalitumia kikaoni.

Mume wake alimpatia kwenye ugomvi. Mwaka 1981 barabara kuu ilifurika mbele ya soko, kikaitishwa kikao cha ofisi zote. Kijana mmoja, mkaguzi wa ofisi ya barabara kuu, akasimama na kusema mafuriko yanatoka kwenye mtaro wa halmashauri. Marehemu akamjibu kwamba mtaro wa halmashauri umezibwa na kifusi cha barabara kuu. Mwenyekiti alifunga kikao, watu wakaondoka, wao wawili wakabaki wanabishana mpaka mlinzi akaja na funguo. Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1982, wakajaliwa watoto watatu.

Siku ya harusi waliwekeana sharti moja, ambalo ndugu wote tulilisifu: habari za ofisi haziingii ndani. Nyuma ya mlango wa sebuleni walipigilia misumari miwili, wa kwake na wa mumewe. Mtu akirudi kazini anatundika mkoba, na yaliyomo yanalala humo humo. Mezani walizungumza watoto, ada, wakwe na mpira. Kwa kutania waligawana na nyumba yenyewe. Paa likawa la serikali kuu, yaani baba. Sakafu ikawa ya halmashauri, yaani mama. Paa lilipovuja kwenye ujia, sufuria ilikingwa hapo msimu mzima, kwa sababu baba alisema maji yakishafika chini si yake, na mama akasema hawezi kupanda juu ya mali ya serikali kuu. Wageni waliiruka ile sufuria wakicheka. Watoto walikua wakiiona kama sehemu ya nyumba.

Sasa daraja. Machi 1998 lori la mchanga liliserereka kwenye daraja la sokoni, likang'oa ukingo wa upande wa mto. Dereva alitoka salama. Pakabaki uwazi ambao ng'ombe angepita bila kugusa, na pembeni yake ndiko walikopita wanafunzi, wachuuzi na wabeba mizigo. Marehemu aliupima siku hiyo hiyo. Akaandika kwa ofisi ya barabara kuu kwamba daraja ni lao na lori lilitoka kwenye barabara yao. Ofisi ya barabara kuu ikajibu kwamba ukingo unasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, na njia hiyo ni ya halmashauri. Marehemu akaandika tena. Aliyekuwa akiandaa majibu upande wa pili alikuwa mkaguzi yule yule, mumewe. Barua zao zilipanda kwa wakubwa, zikashuka, zikavuka mji, na jioni zikalala kwenye mikoba miwili iliyoning'inia msumari kwa msumari. Mezani hakuna aliyelitaja daraja. Kila mmoja aliona mwenzake anatimiza wajibu wake, na kila mmoja alingoja jibu rasmi.

Marehemu alifunga kamba ya njano pale penye uwazi. Kamba ikaibiwa. Akafunga nyingine.

Septemba mwaka huo, wakati wa manyunyu, mbeba mizigo mmoja wa sokoni alikuwa akivuka na gunia la viazi mgongoni. Gari lilimpita karibu, akasogea pembeni kulipisha, na pembeni hapakuwa na kitu. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Tunamtaja leo kwa sababu marehemu alituagiza tumtaje.

Ofisi zote mbili zilituma rambirambi. Marehemu alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mjane, akaketi kwenye mkeka, akaeleza kila kitu, pamoja na kilichokuwa aibu yake. Mjane alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo huyo mkaguzi wa upande wa pili ndiye mumeo?"

"Ndiye."

"Mnalala chumba kimoja?"

"Ndiyo, dada."

"Na hamkuambiana?"

Marehemu alirudi nyumbani jioni hiyo na mkoba begani. Hakuutundika. Aliuweka mezani katikati ya sahani, akamwambia mumewe, "Leo tunakula na hii." Mume alimtazama, akainuka, akaenda kuuchukua wa kwake. Watoto waliondolewa mezani. Mtoto mkubwa, ambaye alisikiliza mlangoni na hajawahi kukana, anasema walianza kwa kulaumiana kama ilivyokuwa siku ya kile kikao, ni wako, si wangu, ni wako wewe, hadi sauti zikakauka. Kisha baba akasema, "Jumamosi nina nafasi." Mama akasema, "Mimi naleta mabomba."

Jumamosi walikwenda na fundi wa kuchomelea, mabomba ya chuma, saruji na mchanga. Hawakuwa na kibali cha mtu. Mjane alikuja akasimama mbali, kisha akasogea, akashika upande mmoja wa bomba fundi alipokuwa akichomelea. Kufikia jioni ukingo ulikuwa umesimama, nguzo saba, umepakwa rangi nyeupe. Haukuwa mzuri. Ulikuwa imara.

Jumatatu iliyofuata walipata barua za onyo, kila mmoja kutoka ofisini kwake. Halmashauri ilisema ukingo umejengwa kinyume cha utaratibu kwenye njia yake. Ofisi ya barabara kuu ilisema umejengwa kinyume cha utaratibu kwenye daraja lake. Tangu lori liliposerereka, ilikuwa mara ya kwanza kwa kila upande kudai kwamba mahali pale ni pake. Ukaamriwa uvunjwe. Hapo likazuka swali la nani auvunje, vikao vikakaa, na ndugu zangu, hadi leo hawajaafikiana. Marehemu alikuwa akisimulia kipande hiki akicheka mpaka machozi, kisha ghafla anainuka na kutafuta viatu.

Kwa sababu ukingo haukuwa kwenye orodha ya mtu, hapakuwa na wa kuutunza. Akaubeba yeye. Kila asubuhi kabla ya kazi alipita darajani na spana kwenye mkoba, akaitikisa nguzo moja baada ya nyingine, iliyolegea akaikaza. Alistaafu mwaka 2016, keki ikakatwa, kesho yake alfajiri alikuwa darajani. Misumari ya mlangoni iling'olewa siku nyingi. Hata ile sufuria ya ujiani iliondoka, baba alipopanda juu na mama akamshikia ngazi.

Mwaka jana moyo wake ulianza kumsumbua. Daktari alimwagiza kupumzika, naye akamuuliza kama hakuna dawa nyingine. Alipolazwa aliona mlango wa dharura wa wodi umefungwa kwa kufuli. Akamuuliza muuguzi funguo ziko kwa nani. Muuguzi akasema kwa watu wa majengo. Watu wa majengo wakasema kwa walinzi. Walinzi wakasema huo ni mlango wa wodi. Marehemu aliteremka kitandani na dripu yake akawafuata wote. Kabla ya chakula cha mchana kufuli lilikuwa limeondolewa, naye amefokewa na madaktari wawili.

Wiki ya mwisho mumewe hakutoka kando ya kitanda. Jumatatu jioni marehemu alimuuliza, "Umepita darajani?"

"Nitapita kesho."

"Usingoje barua," akasema, akafumba macho. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Nyumba tangu siku hiyo imekuwa kimya mno. Tunashtuka hakuna anayefungua mlango kuangalia mvua, na inatuuma.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na mjane wa yule mbeba mizigo, ambaye kwa miaka ishirini na sita wameitana dada na ambaye leo ameketi na familia.

Ameacha pia ukingo. Jana mume wake alikwenda darajani na spana ya mkewe. Aliitikisa nguzo ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikacheza mkononi. Kutu imekula shina lake, spana haiwezi tena. Mzee ana miaka sabini na moja, na hawezi kubeba mabomba.

Wawakilishi wa halmashauri na wa ofisi ya barabara kuu wamekuja kumzika, na kwa bahati wamekaa safu moja, viti vimegusana. Familia inawashukuru kwa mashada. Ni nguzo ya tatu, ukitokea sokoni. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na mwenye kuisimamia yumo ndani ya sanduku hili. Tafadhali zungumzeni kabla hamjainuka hapo mlipo.

Wewe, dada yetu, pumzika kwa amani. Hukuwahi kujifunza kupumzika, utajifunza. Ukingo tuachie sisi.